Kau Hujibu Ijumaa

Madam hakuvumilia neno "labda". Ukilitamka darasani, hata likiwa limejificha katikati ya sentensi ndefu, aliweka chaki mezani, akafuta vidole kwa kitambaa cheupe alichokibana kwenye mkanda wa saa, kisha akakuonyesha mlango. Hukuwa umefukuzwa. Ulikuwa umetumwa. "Nenda nje ukaangalie," alisema. "Ukirudi, uje na jibu." Swali likiwa la kivuli, ulikwenda kupima kivuli cha mlingoti wa bendera. Likiwa la sauti, ulisimama upande wa pili wa uwanja, mwenzako akigonga debe, nawe ukisubiri mlio ukufikie huku mbuzi wa jirani wakikutazama kama mtu aliyepungukiwa.

Mimi nilipima vivuli vingi kuliko mwanafunzi yeyote aliyewahi kupita shule yetu ya Garsen. Hata hivyo alama yangu ya fizikia ilikuwa ya kuzungumziwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa. Nikaenda chuo kikuu kusoma fasihi, na tangu hapo naishi kwa kuandika makala magazetini, kazi ambayo ukiiondolea neno labda hubaki tarehe na picha ya mwandishi.

Jina lake nalijua. Wote tuliosoma kwake tunalijua. Silisemi hapa kwa sababu sijawahi kulisema popote, na sidhani kama mdomo wangu ungekubali. Mwenye duka anamwita Madam, dereva wa basi la Malindi anamwita Madam, na niliwahi kumsikia mama mkwe wake, Mungu amrehemu, akimwita Madam huku akimwomba chumvi.

Sisi wanafunzi wake wa zamani, Madam hatukumbuki kwa majina wala kwa vyeo tulivyopata. Anatukumbuka kwa makosa. Siku moja alilazwa katika hospitali moja ya pwani, na daktari aliyeingia wodini akiwa na koti jeupe na wasaidizi nyuma yake alikuwa mwanafunzi wake. Madam akajiinua kwenye mto, akawaambia wasaidizi, "Huyu ndiye aliyeandika kwamba nuru ni nyepesi kwa sababu haijala." Daktari akainama akamwamkia kwa heshima zote, na wasaidizi wakaandika sana kwenye karatasi zao ili wasicheke. Mimi, kila anaponitambulisha kwa mgeni, ni yule aliyesema umeme hutembea kwa sababu umechoka kukaa. Nimechapisha vitabu viwili. Havitajwi.

Asifikirie mtu kwamba alikuwa mkavu. Alikuwa na ukaidi wake, na ukaidi wake ulikuwa na raha. Alitembea na mwavuli mweusi juani, lakini mvua ikianza aliufunga. "Mwavuli ni wa jua," alisema, maji yakimtiririka usoni. "Mvua tunaiomba mwaka mzima. Ikija tuikimbie?" Alivuka mto kwa mtumbwi mahali ambapo mamba hulala kingoni kama magogo, wala hakuwatazama, lakini chura mmoja akiingia sebuleni kwake msimu wa mvua, alipanda juu ya kiti na kuita majirani. Na mtu huyu aliyepima kila kitu duniani hakupima chochote jikoni. Pilau yake siku moja ilikuwa ya kukumbukwa, siku nyingine ungeweza kuijengea ukuta. Zote mbili zilikuja mezani kwa uso uleule, nawe ulikula kwa uso uleule.

Alipostaafu tulidhani angelima bustani. Badala yake akaanza kupanda mnara wa tangi lake la maji, akiwa amevaa suruali chini ya buibui, kufunga antena.

Hapo lazima nimtaje dada yake. Ni mkubwa wake kwa miaka kadhaa, aliolewa Kau, kule karibu na mdomo wa mto, na mumewe alipofariki akabaki hukohuko na shamba lake la mpunga. Katika yale mafuriko makubwa, maji yalikuwa yamepanda Wenje, juu ya mto, siku nyingi kabla hayajafika chini. Sisi wa Garsen tulijua. Ungemuuliza muuza mandazi angekuambia yamefika wapi. Kau hawakujua, kwa sababu mvua ilikuwa imezima mtandao wa simu upande ule, na barabara ilikuwa imegeuka tope jeusi lisilopitisha hata bodaboda. Dada mtu alitolewa juu ya paa na majirani wenye mtumbwi. Mpunga wote ulikwenda.

Madam akaenda kumchukua aje kuishi naye Garsen. Dada akakataa. Walichoambiana sikukisikia, ila nilisikia sentensi moja ambayo Madam aliirudia kwa hasira kwa wiki nzima: "Ati mto amwachie nani!" Baada ya hapo hawakugombana. Walinyamaziana tu, kila mmoja upande wake wa delta, na kunyamaziana kwa ndugu wa umri ule ni kazi ngumu kuliko kugombana, maana hakuna mahali pa kuanzia suluhu.

Kwa hiyo Madam, ambaye hakuweza kumhamisha dada yake, aliamua kuhamisha habari. Alipata redio ndogo za kutuma ujumbe mfupi bila kutegemea mitandao ya simu, kila moja ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia. Moja ikafungwa Wenje kwenye kipimo cha maji. Nyingine akawagawia watu: wakulima, wavuvi, na wafugaji wa Kiorma ambao wakati wa kiangazi huleta ng'ombe wao kwenye malisho ya delta. Katikati ya delta akasimamisha mlingoti wa kupokezana ujumbe. Redio ya Kau akampa mwenye mtumbwi ampelekee dada yake, na maelezo ya mdomo: ikilia kelele, maji yanakuja, bonyeza kitufe kujibu kwamba umesikia. Yeye mwenyewe hakwenda.

Tatizo lilikuwa betri. Mitambo yote ya Garsen ilikula kwenye betri moja iliyochajiwa na jua. Kila ujumbe ulihitaji uamuzi: utumwe kwa antena inayotazama wapi, kwa nguvu kiasi gani, saa ngapi. Majani yakiwa yamelowa, hunywa mawimbi ya redio. Maji yakitanda, huyarudisha mawimbi juu kama kioo, yakagongana yenyewe kwa yenyewe. Alfajiri hewa ikiwa imetulia, ujumbe dhaifu unaweza kufika mbali ajabu, na adhuhuri ujumbe uleule usivuke hata msitu wa miti ya mathenge. Hakuna mtu ambaye angeweza kuyashika yote hayo kichwani. Madam akaamua kukifundisha kichwa kingine.

Wataalamu hukiita mtandao wa neva. Madam alijifunza kukitengeneza kwa kutazama masomo kwenye kompyuta, miwani mbili usoni, moja juu ya nyingine, akisimamisha video kila mara kumkosoa mwalimu. Mimi, niliyekuwa nimerudi Garsen kwa likizo ndefu na kazi yangu ikiwa kushika ngazi, nilimwomba anieleze.

"Chukua darasa la watoto wasiojua kitu," akasema kutoka juu. "Wapange mistari. Waulize wa nyuma: leo kuna wingu, saa ni hii, nataka kufika Kau, nitume vipi? Kila mmoja anawanong'oneza wa mbele yake. Wa mbele wanawanong'oneza wa mbele yao. Wa mwisho anatoa jibu moja. Sawa?"

"Sawa."

"Unatuma. Haufiki. Basi unarudi nyuma mstari kwa mstari, unamwambia kila mmoja: wewe, yule mwenzako msikilize kidogo zaidi, huyu mwingine usimsikilize sana. Kesho unauliza tena. Kesho kutwa tena. Mwisho wanajua."

"Na hakuna anayechapwa?"

"Si watoto. Ni namba." Akakaza boliti, akafikiri. "Ingekuwa vizuri kama na ninyi mngekuwa namba."

"Lakini Madam, hilo ni darasa la kubahatisha."

Ngazi ikatikisika. "Ni darasa la kusahihishwa," akasema. "Shika ngazi."

Jina la darasa hilo lilitoka kwa Mfugaji. Ni mzee wa Kiorma aliyemletea Madam maziwa kwa miaka mingi, na sasa alikuwa na redio moja ikining'inia kwenye ncha ya fimbo yake. Jioni moja alikaa sebuleni akatazama namba zikipanda na kushuka kwenye kioo cha kompyuta, akaelezwa yote, akanywa chai yake hadi mwisho.

"Madam," akasema, "hii kitu yako ni ndama. Ndama nazaliwa, hajui maziwa iko wapi. Nagonga kichwa huku, nagonga kichwa huku. Nagonga mguu wa mama. Halafu napata. Kesho naenda moja kwa moja."

"Umeeleza vizuri kuliko yule wa kwenye video," Madam akasema. "Sasa ng'ombe mwenyewe ni nani?"

Mfugaji akaweka kikombe chini polepole. "Ng'ombe ni wewe, Madam."

Nilitazama sakafu. Darasani mtu angepima vivuli hadi likizo. Madam alicheka mpaka akavua miwani zote mbili, na kuanzia siku hiyo mtambo ukaitwa Ndama.

Na Ndama alikua. Alijifunza kwamba ujumbe wa malishoni hufika kwa nguvu kidogo kabla jua halijapanda. Alijifunza kuongeza nguvu siku ambayo majani yamelowa, bila mtu kumwambia majani ni nini. Wafugaji walianza kumtumia kuulizana habari za ng'ombe waliopotea, na kwa kuwa walitembea kutwa nzima na redio zao, walimpa Ndama mazoezi mengi kuliko mtu yeyote. Madam alijivuna, ingawa kwake kujivuna kulionekana tu kwa kuwa pilau ilipikwa mara nyingi zaidi, kwa hatari zote mbili.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomkera. Ndani ya programu kuna sehemu ndogo inayomfanya Ndama, mara mojamoja, ajaribu njia ambayo yeye mwenyewe anaamini ni mbaya, ili aone tu. Anajua kwamba antena ya kusini haifai asubuhi, na bado siku moja asubuhi anatuma kusini. Madam alikuwa akiona hivyo kwenye kioo na kusaga meno. Mwishowe aliifunga sehemu hiyo kabisa. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, anayefanya kazi ya mitambo ya mawasiliano Nairobi na ndiye aliyemsaidia kuanza, alimpigia simu kumsihi. Nilikuwapo, sauti ikiwa wazi.

"Madam, mwachie kidogo tu. Mara chache."

"Ameshajua. Ajaribu upuuzi wa nini?"

"Dunia hubadilika, Madam."

"Ndiyo," Madam akasema, "na wewe ulisema sumaku hupenda vyuma kwa sababu vinafanana." Akakata simu.

Sasa, Kau. Tangu mwanzo Kau ilikuwa ngumu. Redio za watu wengine zilijibu zenyewe kila zilipofikiwa, lakini ya Kau ilikaa kimya wiki nzima, kisha Ijumaa mchana ikajibu, safi kabisa, kama mtu aliyeamka. Jumamosi ikanyamaza tena. Ikawa hivyo wiki kwa wiki. Ndama, ambaye kazi yake ilikuwa kujifunza na si kushangaa, alijifunza hilo. Akaacha kupoteza betri kwa ajili ya Kau siku nyingine zote. Chochote cha Kau alikiweka kando na kukiandikia maneno mawili: subiri Ijumaa.

"Ndama amesilimu," Mfugaji alisema alipoonyeshwa. "Nangoja sala ya Ijumaa."

Lakini Madam hakucheka. Maji hayangoji Ijumaa, na yeye alijua hivyo kuliko sisi sote. Ndipo tukaanza kutunga nadharia, na sioni aibu kusema kwamba kwa mtu wa makamo mwenye shahada, ilikuwa furaha kubwa. Mimi nilileta ya bahari: Kau i karibu na mdomo wa mto, maji hupanda na kushuka, hivyo mawimbi ya redio hugonga maji kwa namna tofauti. Madam aliniuliza kama bahari inajua siku za wiki. Yeye alikuwa na yake ya mashua za injini, ambazo Ijumaa hupumzika, kwa hiyo kelele za umeme hupungua. Ilikuwa nzuri, ilikuwa na mchoro. Nilikwisha kuandika nusu ya makala kuhusu nadharia yangu, yenye kichwa cha kujigamba ambacho sitakirudia, wakati mvua za masika zilipoanza kunukia.

Mfugaji alikuja kuaga. Watu wake walikuwa wakiwatoa ng'ombe delta, kuwapeleka bara kwenye nchi iliyoinuka. Alipoondoka, Madam alikaa akitazama ule mchoro wake wa mashua kwa muda mrefu.

"Madam," nikasema, kwa sababu likizo ilikuwa imenipa ujasiri, "mwanafunzi akikuletea mchoro huo, ungemtuma wapi?"

Alinitazama kwa jicho ambalo nilikuwa sijaliona tangu kidato cha nne. Kisha akainuka akatafuta mwavuli.

Tulikwenda kwa pikipiki mbili hadi njia ilipoishia, halafu kwa mtumbwi. Njia nzima Madam alitazama maji. Nilidhani anafikiria fizikia.

Dada yake alikuwa uani akipepeta mchele. Ni mdogo wa umbo kuliko Madam na uso wake ni mpole, lakini sauti ni ileile, kana kwamba wamegawana. Hakuinuka.

"Umekuja kunihamisha," akasema.

"Shikamoo, Dada. Nimekuja kuangalia redio."

"Marahaba. Redio." Akaupepeta mchele mara mbili zaidi. "Na huyu?"

"Huyu ndiye aliyesema umeme hutembea kwa sababu umechoka kukaa."

"Yuwasema kweli, hata mimi nimechoka kukaa," dada akasema, akainuka. Nilimpenda papo hapo.

Akatuingiza chumbani. Akafungua fundo kwenye pindo la leso yake, akatoa ufunguo, akapiga magoti, akavuta kutoka mvunguni mwa kitanda sanduku la bati lililochorwa maua mekundu. Alipolifungua, harufu ya udi ikajaa chumba. Palikuwa na leso mpya ambazo hazijakatwa, picha ya mumewe, na sanda yake, nyeupe, imekunjwa vizuri, kama wanawake wengi wa umri wake wanavyojiwekea. Na juu ya sanda, ikiwa imeviringwa kwa kitambaa laini, ilikuwa redio.

"Nimekitunza," akasema. "Tazama. Hakina hata mkwaruzo."

Madam akainama kuitazama.

"Kila Ijumaa nafungua nitoe leso ya kuvaa, nafukiza nguo udi. Hata chenyewe nakifukiza. Nakiweka hapo dirishani kipate hewa mpaka alasiri, kisha nakirudisha."

Niligeuka nikatazama dari kwa makini sana. Kidato cha tatu, Madam alituletea redio inayoimba, akaitia ndani ya debe la bati na kulifunika, redio ikanyamaza, akatuuliza kwa nini. Nilijibu kwamba labda imeona aibu. Nilipima vivuli wiki nzima.

Madam alikaa kwenye kitanda. "Sanduku la bati," akasema, kana kwamba anamsomea mtu mwingine. Kisha akasema, "Dada, hiki kinatakiwa kukaa dirishani. Siku zote."

"Dirishani? Kuku wakirukie? Watoto wakichokoe?"

"Ndiyo."

"Tangu uliponinunia, hiki ndicho kitu pekee ulichoniletea. Nawe wataka nikiweke na kuku."

Nimemwona Madam akiwajibu wakaguzi wa elimu, mainjinia na imamu, lakini pale alianza kuikunja upya sanda ambayo haikuwa imekunjuka. Dada akaichukua mkononi mwake, akaiweka chini. Tukala wali wa nazi na samaki, tukazungumza juu ya bei ya unga. Wakati wa kuondoka, Madam akiwa tayari mtumbwini, alisema bila kugeuka, "Kiweke dirishani, Dada."

"Nitaangalia," dada akajibu kutoka kingoni.

Njiani mvua ilitukamata, mwavuli ukiwa umefungwa. Tulilala kwa jamaa zake, tukafika Garsen Jumapili asubuhi, na kabla Madam hajavua viatu alikuwa mbele ya kompyuta. Wenje maji yalikuwa yamepanda usiku kucha na yalikuwa bado yakipanda. Ndama alikuwa ameshafanya kazi yake. Wakulima wameambiwa, wamejibu. Wavuvi wameambiwa, wamejibu. Chini kabisa, mbele ya Kau, ameandika maneno yake mawili.

Madam alieleza mambo kwa kifupi, kama anavyoeleza mtu aliyekwisha kuyapiga hesabu. Mawingu yalikuwa yametanda kwa siku kadhaa na betri ilikuwa karibu tupu. Ilibaki nguvu ya kutuma mara moja hadi Kau, kwa ukamilifu. Baada ya hapo mitambo ingezimika hadi jua litoke, na jua halikuwa na dalili. Kama redio i dirishani, ujumbe ungefika. Kama imerudi sandukuni, tungekuwa tumeutupa majini, na hata maji yakipanda kupita haya tusingeweza kumwambia mtu yeyote. Simu za Kau hazikupatikana. Barabara tuliyopita ilikuwa imekwisha kufa nyuma yetu.

"Ndama anasema haitafika," akasema. "Na kosa si lake. Yeye anajua sanduku. Nilimkataza kujaribu, basi atajuaje kingine?"

Akavua miwani moja, akabaki na nyingine.

"Alisema nini tulipoondoka?"

"Alisema, 'Nitaangalia.'"

"Kwa sauti gani?"

Katika miaka yote hiyo hilo ndilo swali la kwanza aliloniuliza ambalo nilikuwa na elimu ya kulijibu. Nikafikiri. "Sauti ya mtu aliyekwisha kukubali," nikasema, "ila hataki aonekane ametii."

"Hicho si kipimo."

"Si kipimo, Madam."

Akavuta kibodi karibu. Kisha akaandika amri, akamwondolea Ndama uamuzi, akatuma kwa nguvu yote iliyobaki.

Taa ndogo ya betri ikageuka nyekundu. Kwenye kioo hapakuwa na kitu. Nje mvua ilikuwa ikipiga mabati, na chura mmoja akaingia kwa mlango uliokuwa wazi, akaruka hadi katikati ya sebule, akakaa. Madam alimwona. Hakupanda juu ya kiti.

Halafu ukatokea mstari: Kau, imefika. Na kabla hatujapumua, mwingine: Kau, kitufe kimebonyezwa. Kisha wa tatu, uleule. Na wa nne.

"Anabonyeza nini tena?" Madam akasema. "Mara moja inatosha. Anamaliza betri." Lakini hakuondoa macho, na kila mstari ulipotokea alitikisa kichwa kama mtu anayesimuliwa hadithi. Kabla mtambo haujazimika kabisa alifanya jambo moja: aliifungua ile sehemu aliyokuwa ameifunga, ya kujaribu njia mbaya mara mojamoja. Akafunika kompyuta kwa kitambaa, akamwomba jirani aje amtoe chura.

Siku tatu hatukusikia neno. Maji yalipita Garsen usiku na mchana, yakibeba magogo na mara moja kitanda. Madam alipika pilau zisizolika, akazila. Siku ya nne simu yangu ililia mara moja ikakatika, kutoka namba nisiyoijua, nami nikapiga. Nilikuwa nimemwachia mwenye mtumbwi namba yangu.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Madam ambayo haikuwa ya Madam. "Tuko Kipini, juu mchangani. Yuko hapo huyo?"

Nikampa simu, nikaweka sauti wazi kwa sababu alikuwa ameishika kichwa chini.

"Kilipiga kelele nikiosha mchele," dada akasema. "Kuku walikimbia wote. Nikakishika mkononi nikapita nacho mlango kwa mlango, nikawaambia mdogo wangu amesema maji yanakuja."

"Wakaamini?"

"Hawakuuliza hata ni redio gani. Walisema, kama amesema Madam, tuondoke."

"Na mpunga?"

"Tumebeba tulichoweza. Sanduku limebaki. Sanda yangu imo, kwa hiyo kwa sasa sina ruhusa ya kufa."

Madam alitoa sauti fulani puani. Dada akaendelea. Alieleza ni nani amelala na nani chini ya turubai, nani amekuja na mbuzi na nani amekuja na godoro akasahau mkwewe, na jinsi mpishi wa hapo asivyojua kupika. Madam, ambaye nilimfahamu miaka yote hiyo kama mtu wa sentensi tatu, alikaa kwenye kiti cha jikoni, simu sikioni ingawa sauti ilijaa nyumba nzima, akisema "Ehe", na "Yule naye", na "Endelea, Dada."

Dada alikuwa katikati ya habari za godoro wakati salio langu lilipokwisha. Madam aliendelea kuishikilia simu pale sikioni kwa muda. Kisha akanipa bila kunitazama.

"Weka salio jingine," akasema.